Kupunga, Kutoa na Kufuga: Historia ya Ujirani wa Majini na Watu katika Pwani ya Takaungu

Utangulizi

Hadithi za picha zinazowaonyesha majini wakiishi miongoni mwa wanadamu, wakipanga vyumba, wakipanda mabasi na kutazamwa kwa hofu na majirani zao, zimeenea sana duniani, hasa zile zitokazo Japani. Mchoraji wa katuni atakaye kuieleza hali hiyo kwa Kiswahili hukabiliwa na maswali yasiyohusu kalamu na wino tu. Kiumbe huyo aitwe jini, pepo, shetani, ruhani au mzimu? Kisarufi aseme jini huyu au jini hili? Na jirani yake mwanadamu amfanye nini: ampunge, amtoe, au amfuge?

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maswali hayo, na hasa hilo la mwisho, yana historia ndefu katika pwani ya Kenya. Mfano uliochaguliwa ni Takaungu na nchi iliyo nyuma yake. Hoja yenyewe ni kwamba vitenzi vitatu, yaani kupunga, kutoa na kufuga, vimebeba namna tatu za kuishi na jirani asiyependwa wala asiyeepukika. Na kwamba badiliko la kitenzi limekuwa pia badiliko la mahusiano ya watu wenyewe kwa wenyewe.

Majina na upatanisho wake

Maneno yanayohusika hayana chimbuko moja. Jini, shetani na ruhani yametoka katika Kiarabu na yameandamana na mafundisho ya Kiislamu. Katika mafundisho hayo majini ni viumbe walioumbwa kwa moto, wenye akili na wenye kuhesabiwa matendo yao, baadhi yao wakiwa waumini na baadhi makafiri. Sura ya 72 ya Kurani imepewa jina lao. Pepo na mzimu ni maneno ya Kibantu. Katika Kigiriama, lugha ya majirani wa karibu wa Takaungu, limo pia neno koma, yaani roho za wazee waliofariki, ambazo huwajia walio hai ndotoni na kudai tembo la mnazi na kukumbukwa.

Neno pepo lastahili kutazamwa peke yake. Mzizi wake ni ule ule wa upepo, nalo huweza kuchukua upatanisho wa aina tatu, kila aina ikiwa na maana yake. Pepo huyu ni kiumbe ampandaye mtu. Pepo hizi ni wingi wa upepo. Pepo hii ni makao ya watu wema baada ya kufa. Ni dhahiri basi kwamba neno lenyewe halina ubaya ndani yake. Ubaya, ukiwapo, huongezwa kwa kivumishi, kama katika pepo mbaya au pepo mchafu. Hali kadhalika, asemaye jini huyu amekwisha kumkubali jini kuwa mwenye nafsi, hali asemaye jini hili humkuza umbo au kumshusha hadhi. Mzungumzaji hawezi kumtaja jirani huyu bila kwanza kuamua, kwa kiambishi tu, amweke wapi.

Takaungu na majirani zake

Takaungu iko kusini ya hori ya Kilifi, si mbali na magofu ya Mnarani. Mji huu ulipata nguvu baada ya mwaka 1837, Sayyid Said bin Sultan alipouvunja utawala wa Mazrui katika Mombasa. Baadhi ya watu wa ukoo huo walihamia Gazi, upande wa kusini, na wengine wakashika Takaungu, upande wa kaskazini. Huko walilimisha nafaka kwa nguvu za watumwa, ambao wengi wao waliletwa kutoka pande za kusini, na walifanya biashara na Wagiriama wa bara.

Mahusiano hayo yalikuwa na pande mbili. Kulikuwa na biashara, ndoa na mapatano ya udugu. Lakini katika njaa ya 1884 jamaa nyingi za Kimijikenda ziliwaweka watoto wao rehani kwa watu wa pwani ili wapate chakula, na baadhi ya watoto hao hawakurudi. Watumwa waliotoroka nao walijijengea makao barani nyuma ya Takaungu, mojawapo likiwa Fuladoyo, makao ambayo mabwana wa pwani hawakuyaacha kwa amani. Mwaka 1895, baada ya kufa kwa Salim bin Khamis, ugomvi wa kurithi uliwal wa Takaungu ulizaa vita vya Mazrui na Waingereza, vilivyokwisha mwaka 1896. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1907, na mwaka 1908 ikaja sheria ya kuandikisha ardhi za pwani, ambayo iliwaacha wakulima wengi wasio na hati wakiishi juu ya ardhi ya mtu mwingine. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni ilipigana na Wagiriama na kuibomoa kaya yao kuu kwa baruti.

Maelezo haya yametolewa kwa sababu moja. Waliokaa Takaungu na viungani mwake walikuwa bwana na mtumwa, mdai na mdaiwa, Mwislamu na asiye Mwislamu, mwenye hati na asiye nayo. Walidhulumiana na walihitajiana, na hapana aliyeweza kuhama akamwacha mwenzake. Ujirani wa namna hiyo ndio unaoakisiwa na lugha ya pepo.

Kupunga

Kitenzi punga kina maana ya kupeperusha au kutikisa kitu hewani: mtu hupunga mkono, hupunga upepo. Kupunga pepo basi hakukuwa kufukuza. Maelezo ya zamani, kama yale yaliyomo katika Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokichapisha Carl Velten mwaka 1903 kwa kazi kubwa ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, na yale ya R. Skene ya mwaka 1917 kuhusu ngoma za Waarabu na Waswahili, yaonyesha kwamba shabaha ya ngoma ilikuwa kumfanya pepo aseme. Mganga humwuliza jina lake, kabila lake, atokako na atakacho. Pepo hujibu kwa kinywa cha mwele, na mara nyingi kwa maneno ya lugha yake mwenyewe. Akiisha kutaja haja zake huandaliwa chano, hupewa ahadi na kuwekewa masharti. Naye huahidi kutomsumbua aliyempanda.

Msamiati wa shughuli hii ni wa ukaribishaji na mapatano. Apandwaye huitwa kiti, yaani mahali pa mgeni kukaa. Neno mteja, ambalo leo ni la duka na benki, lilitumika pia kwa mtu aliyekwisha kutibiwa na mganga na kuingia katika chama cha pepo. Pepo wenyewe waligawanywa kwa makabila: wa Kiarabu, wa Kisomali, wa Kihabeshi, wa Kinyika na wengine. Linda Giles, aliyefanya utafiti pwani mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuchapisha makala yake mwaka 1987, aliipinga dhana kwamba ngoma hizi ni kimbilio la wanyonge tu. Aliziona kuwa sehemu ya utamaduni wa Waswahili wenyewe. Mpangilio wa pepo una daraja kama ulivyo mpangilio wa watu: pepo wa Kiislamu hutaka udi na marashi, hali pepo wa bara huhesabiwa kuwa wa chini na wasio tohara.

Kwa Wagiriama daraja hiyo hiyo ilitazamwa kutoka upande wa pili. David Parkin, katika makala ya 1970 na kitabu cha 1972, alieleza habari za Wagiriama wa Kaloleni waliopandwa na pepo wa Kiislamu, wakaugua, na wasipone mpaka wasilimu. Mtu wa namna hiyo hakuweza tena kunywa tembo wala kula nyamafu. Parkin aliona kwamba sharti hilo liliwafaa wenye kujilimbikizia minazi na mashamba, kwani liliwapa udhuru wa kujitenga na karamu za wazee bila kuwatukana. Pepo alimzuia, si yeye. Janet McIntosh, katika kitabu chake cha 2009 kuhusu Malindi, alionyesha upande mchungu zaidi wa jambo hilo: wapo wanaoona kwamba pepo anayewalazimisha kusilimu huwafanyia rohoni kile ambacho wenye nguvu wa pwani waliwafanyia katika ardhi na kazi.

Hata hivyo, katika kupunga, pepo ana jina, ana lugha na ana haki ya kusikilizwa. Jirani hapendwi, lakini huulizwa shida yake.

Kutoa

Kitenzi cha pili kilipata nguvu kwa tafsiri. Wamisionari wa Kanisa la Uingereza walianza kazi Rabai mwaka 1846 chini ya Krapf na Rebmann, na kamusi ya Krapf ilichapwa mwaka 1882. Watafsiri wa Biblia walihitaji neno la Roho wa Mungu na neno la roho wachafu. Walichagua roho, lenye asili ya Kiarabu, kwa la kwanza, na pepo kwa la pili. Na uamuzi huo umo katika Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952. Kitenzi kilichoambatana na pepo kikawa kutoa, na baadaye kukemea.

Kwa hatua hiyo pepo wa Kisomali na pepo wa Kinyika waliwekwa katika fungu moja, na makabila yao hayakuwa na maana tena. Atolewaye haulizwi kabila wala haja. Akiulizwa jina, huulizwa ili aamriwe kuondoka.

Wanazuoni wa Kiislamu nao waliyakataa mapatano ya kilingeni, ingawa kwa hoja nyingine. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyetoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, na aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937, alikuwa kiongozi wa fikra ya kuisafisha dini na mambo ya uzushi. Kwa fikra hiyo majini wapo, kwa kuwa Kurani imewataja, lakini haifai kuwaomba wala kuwaandalia chano. Mgonjwa husomewa Kurani. Yafaa kuangalia tofauti hapa: tafsiri ya Kikristo ilibadili maana ya neno pepo, hali marekebisho ya Kiislamu yaliacha maana ya jini mahali pake na kubadili tendo.

Kufuga

Kitenzi cha tatu ni cha zizi na banda. Hufugwa ng'ombe, mbuzi na kuku. Asemwapo mtu kwamba afuga majini, hudaiwa kwamba ameyapata kwa fedha au kwa kurithi, huyalisha, nayo humletea mali. McIntosh aliyasikia madai hayo katika Malindi: utajiri wa Waswahili na Waarabu, waonekanao kuwa na maduka, majumba na mashua, ulielezwa kuwa kazi ya majini waliofugwa na kulishwa damu ya maskini.

Madai hayo yana mantiki yake. Kwa mtu ambaye babu yake aliwekwa rehani, na ambaye yeye mwenyewe alima ardhi isiyo na hati, mali ya jirani haielezeki kwa jasho la jirani huyo. Lakini kitenzi kimefanya jambo jipya. Katika kupunga, kiti hakuwa na hatia, alipandwa tu. Katika kutoa, mgonjwa alihurumiwa. Katika kufuga, lawama yote humwangukia mwanadamu mwenye nyumba. Jini amekuwa chombo, na jirani amekuwa mshukiwa.

Hapa ndipo suala la msamiati linapogusa uhai wa watu. Tuhuma za uchawi, au utsai kwa Kigiriama, si sawa kabisa na tuhuma za kufuga majini, lakini zote mbili humtafuta mtu wa kulaumiwa. Katika Kilifi wazee wengi wameuawa katika miongo ya karibuni kwa tuhuma za uchawi, mara nyingine na jamaa zao wenyewe, na ugomvi wa ardhi umetajwa mara kwa mara kuwa nyuma ya tuhuma hizo. Kaya Godoma, katika Ganze, imekuwa makimbilio ya wazee waliotishwa. Mvi na macho mekundu ya moshi wa jikoni vimetosha kuwa ushahidi.

Hitimisho

Historia hii haisemi kwamba kitenzi kimoja kiliondoka kingine kilipoingia. Vyote vitatu vingali vikitumika, pengine katika nyumba moja na kwa mgonjwa mmoja. Wala haifai kudhani kwamba kupunga kulikuwa ujirani mwema: pepo walikuwa na daraja, gharama za ngoma zilikuwa nzito, na mapatano hayo hayakumrudishia mtu mtoto wala shamba. Lililokuwamo ni kule kukubali kwamba mgeni ana neno lake, na kwamba ugomvi huweza kumalizwa bila kumtafuta wa kuuawa.

Kwa watunzi wa kamusi, yafuata kwamba kuandika jini, pepo, shetani na mzimu kama visawe ni kupoteza nusu ya habari. Kila nomino yastahili kuorodheshwa pamoja na upatanisho wake na vitenzi vinavyoambatana nayo, na kutajwa mahali vinapotumika. Kwa mchoraji wa katuni yafuata jambo jepesi zaidi: kabla ya kuchora kwato na pembe, achague kitenzi. Jini atakayepungwa atahitaji kuandikiwa maneno mengi, atakayetolewa, machache, na atakayefugwa hahitaji neno lolote, kwa kuwa macho yote yatakuwa yamekwisha kumgeukia mwenye nyumba.