Asili na Maana ya Neno "Comfit"

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza neno moja la Kiingereza lisilosikika sana siku hizi, nalo ni "comfit". Alitafutaye katika kamusi huambiwa kwa ufupi kuwa ni aina ya peremende. Maelezo hayo si ya uwongo, lakini yanaficha historia ambayo mfasiri hana budi kuifahamu.

Shina la neno hili ni kitenzi cha Kilatini "conficere", yaani kutengeneza kitu kwa kuunganisha vitu. Kutokana nacho likapatikana "confectum", kilichotengenezwa. Wafaransa wa kale wakasema "confit", na Waingereza wakalipokea katika Zama za Kati, kisha sauti n ikageuka kuwa m. Yafaa izingatiwe kwamba katika asili hiyo hamna utamu; mna kazi tu. Utamu uliingia pamoja na sukari, ambayo jina lake Waingereza, kama sisi, walilipata kutoka Kiarabu, ingawa wao lilipitia kwa Wafaransa. Sukari wakati huo ilikuwa ghali, na huko Ulaya iliuzwa na wauza dawa. Kwa hivyo "comfit" za kale zilikuwa mbegu za shamari, giligilani au kisibiti zilizovikwa sukari, zikatafunwa baada ya mlo ili kutuliza tumbo.

Hugh Plat, katika kitabu chake "Delightes for Ladies" cha mwaka 1602, alieleza ufundi wenyewe. Beseni la shaba lilining'inizwa kwa kamba juu ya makaa ya moto; mbegu zikatiwa humo, zikamiminiwa shira kidogo kwa upawa, zikakorogwa kwa mkono hadi zikauke, kisha zikamiminiwa tena. Tabaka liliongezwa juu ya tabaka. Hapa twaona jinsi maana ya Kilatini ilivyodumu: utamu huo ulikuwa kazi kwanza.

Baadaye thamani ya neno ilishuka. Tangu miaka ya 1640 mashamba ya Barbados yaligeukia sukari, yakilimwa na Waafrika waliotiwa utumwani. Kadiri sukari ilivyozidi kupatikana kwa bei nafuu Uingereza, ndivyo kitu cha meza za wakubwa kilivyokuwa kitu cha watoto. Badiliko hilo la maana lililipiwa kwa jasho na damu ya watu wetu, na kamusi haisemi hayo.

Katika tamthilia ya Shakespeare, "Henry IV", Sehemu ya Kwanza, Hotspur anamkejeli mkewe kwa kuapa kama mke wa mtengenezaji wa "comfit". Kejeli inategemea cheo: mke wa bwana mkubwa anafananishwa na mke wa fundi wa mjini. Mfasiri akiandika "mke wa mwuza peremende", amepotea. Neno peremende lenyewe ni "peppermint" lililotoholewa, nalo humpeleka msomaji dukani, si kwa fundi. Ningependekeza "mke wa mpika halua". Halua si "comfit", lakini mpishi wake ni fundi wa mjini anayejulikana katika pwani yetu, na kejeli itabaki hai.

Tukifasiri, basi, tusiulize tu neno lataja kitu gani. Tuulize pia ni nani aliyekitengeneza, na kwa gharama ya nani.