Kisukari katika Daftari la Bima ya Maisha

Bima ya maisha ilipoanza kuuzwa London mwanzoni mwa karne ya 18, haikuwa na njia ya kuupima ugonjwa. Chama cha Amicable, kilichoundwa mwaka 1706, kilitoza wanachama wote mchango uleule, kijana kwa mzee, na mwisho wa mwaka fedha ziligawiwa kwa warithi wa waliofariki. Chama cha namna hiyo kiliweza kujilinda kwa njia moja tu, nayo ni kuchagua nani aingie. Inasemekana kwamba mwanahisabati James Dodson alikataliwa kwa kuwa umri wake ulizidi miaka 45, akaanza kupiga hesabu za mchango unaopanda kwa kufuata umri wa mtu siku anapojiunga. Alifariki mwaka 1757 kabla ya kuona matunda ya hesabu hizo. Chama cha Equitable kilichoanzishwa mwaka 1762 ndicho kilichozitumia.

Hesabu ya Dodson ilijibu swali la umri, si la ugonjwa. Kwa hiyo mwombaji wa Equitable alitakiwa kufika mwenyewe mbele ya wakurugenzi wamtazame: rangi ya uso, mwili, namna anavyotembea. Aliulizwa kama amekwisha kuugua ndui na kama anasumbuliwa na jongo. Wakurugenzi hao hawakuwa madaktari, na jibu lilikuwa ndiyo au hapana. Mgonjwa hakuwa na bei.

Kwa kuwa kampuni ilitegemea maelezo ya mwombaji, sheria ilibidi iamue nini kifanyike anapoficha. Kesi mashuhuri ni ya Duke Friedrich wa Nne wa Saxe-Gotha, aliyefariki mwaka 1825 baada ya maisha yake kukatiwa bima London. Madaktari wake walikuwa wameandika kwamba afya yake ni njema, ingawa alikuwa amepoteza uwezo wa kusema na akili yake imedhoofika. Mwili ulipopasuliwa, uvimbe ulionekana ndani ya fuvu. Mwaka 1828 mahakama ya Uingereza iliamua kwamba kampuni ilistahili kuambiwa kila jambo zito linalohusu hatari inayoibeba, hata kama mwombaji mwenyewe hakuliona kuwa zito. Kwa miaka mingi baadaye madai mengi yaliyokataliwa na kampuni za bima yalisimama juu ya kanuni hiyo.

Wakati huohuo walitokea waliodhani kwamba mgonjwa naye ni mteja. Mwaka 1824 daktari George Pinckard alishiriki kuanzisha London kampuni iliyokuja kujulikana kama Clerical, Medical and General, na mwaka huohuo ikaanzishwa kampuni ya Asylum. Zote mbili zilikuwa tayari kuwapokea watu wenye maradhi kwa ada kubwa zaidi. Asylum ilipokea pia wasafiri wa nchi za joto, maana kwa mizani ya siku zile Mwingereza aendaye pwani ya Afrika alihesabiwa karibu sawa na mgonjwa. Nyongeza ya ada kwa sababu ya tabianchi iliendelea kutozwa kwa miongo mingi. Lakini ada hizo zilikadiriwa kwa macho. Njia ya kawaida ilikuwa kumzeesha mtu kwenye karatasi: mwenye miaka 30 na kifua kibovu alitozwa kama mwenye 40. Hakuna aliyekuwa na takwimu za kuthibitisha kwamba ni miaka kumi na si ishirini.

Kisukari hakikuwamo hata katika ukarimu huo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 kampuni za Uingereza na Marekani ziliajiri madaktari wa kuwapima waombaji, na kupima mkojo kukawa kawaida. Kipimo cha kikemia cha sukari kilikuwa rahisi, na daktari wa bima alikifanya hata kwa mtu asiyelalamika lolote. Wengi walifahamu kwamba wana kisukari siku walipoomba bima. Majibu yakionyesha sukari, faili lilifungwa, na kwa ujuzi wa wakati ule uamuzi huo haukuwa wa kikatili: kijana aliyepata kisukari aliishi miezi au miaka michache tu, hata kwa mlo wa njaa uliosisitizwa baadaye na daktari Frederick Allen.

Maskini walikuwa na njia yao ya pembeni. Prudential ya London ilianza mwaka 1854 kuuza bima ndogondogo za wafanyakazi, zilizolipiwa kwa senti za kila wiki kwa wakala aliyepita nyumba kwa nyumba. Bima za aina hiyo hazikudai uchunguzi mrefu wa daktari. Kampuni ilijikinga kwa kupunguza malipo endapo mtu angekufa mapema baada ya kujiunga. Ada yake, ukiilinganisha na fidia, ilikuwa ghali sana.

Mabadiliko makubwa yalitoka New York. Mwanzoni mwa karne ya 20, daktari Oscar Rogers na mtakwimu Arthur Hunter wa kampuni ya New York Life walibuni utaratibu wa kumpa kila mwombaji namba. Mtu wa kawaida alipewa 100. Unene uliozidi uliongeza pointi kadhaa, wazazi waliokufa mapema wakaongeza nyingine, kazi ya hatari vilevile. Wazazi walioishi umri mrefu walipunguza. Jumla ikifika 200, maana yake ni kwamba katika kundi kubwa la watu wa namna hiyo vifo vinatarajiwa kuwa mara mbili ya vya kawaida, na ada ikapangwa kwa kufuata hapo. Utaratibu huo, waliouchapisha kwa kirefu mwaka 1919, haudai kujua fulani atakufa lini. Nguvu yake imo katika wingi: maelfu ya mikataba ya zamani ilifunguliwa upya na vifo vikahesabiwa kwa kila kasoro. Kwa njia hiyo kampuni ziliona mapema, kabla ya madaktari wengi kukubali, kwamba shinikizo la juu la damu linaua hata mtu anayejisikia mzima.

Isidhaniwe kwamba kila aliyeshika takwimu alizitumia kwa haki. Prudential ya Marekani iliamua mwaka 1881 kuwapunguzia Wamarekani weusi fidia kwa theluthi moja huku ikiwatoza ada ileile, na mtakwimu wake, Frederick Hoffman, akachapisha mwaka 1896 kitabu kilichodai kwamba vifo vyao vingi vilitokana na asili yao, si hali walimoishi.

Insulini ndiyo iliyokiingiza kisukari kwenye utaratibu wa namba wa Rogers na Hunter. Januari 1922, Toronto, Leonard Thompson mwenye miaka 14 alidungwa dawa iliyotolewa kwenye kongosho za ng'ombe, kazi ya Frederick Banting, Charles Best, James Collip na John Macleod. Aliishi miaka 13 zaidi. Hata hivyo kampuni hazikufungua milango mara moja, kwa kuwa dawa mpya haina historia ya vifo. Historia hiyo ilipatikana Boston, kwa daktari Elliott Joslin, aliyeweka kumbukumbu za maelfu ya wagonjwa wake na kuwafuatilia mpaka kaburini. Louis Dublin na wenzake wa kitengo cha takwimu cha kampuni ya Metropolitan Life walizichambua pamoja naye, na katika miaka ya 1930 wakachapisha matokeo. Ilionekana kwamba wagonjwa hawakufa tena kwa sukari yenyewe kama zamani; walikufa kwa moyo, figo na mishipa, baada ya miaka mingi. Hatari inayochelewa inaweza kulipiwa ada, na taratibu kampuni zikaanza kuwapokea wagonjwa waliotunza matibabu.

Swali likawa nani anatunza matibabu kweli. Kwa muda mrefu jibu lilitegemea barua ya daktari na mkojo wa siku moja, na mtu aliweza kufunga kula siku mbili kabla ya kipimo. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi mitatu, kilimaliza ujanja huo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 1993, wenye washiriki 1,441, ulithibitisha kwamba kudhibiti sukari kunapunguza madhara ya macho, figo na neva, na namba ya HbA1c ikawa moja ya vigezo vikuu vya ada, pamoja na umri ugonjwa ulipoanza.

Afrika Kusini ilikwenda hatua moja mbele. Kampuni ya AllLife, iliyoanzishwa mwaka 2004, iliwakatia bima watu wanaoishi na VVU, kisha wenye kisukari, kwa sharti la kuendelea na dawa na vipimo. Mteja anayeacha hukumbushwa, na akiendelea kukaidi kinga yake hupunguzwa au kufutwa.

Afrika Mashariki ilirithi taratibu za Uingereza. Jubilee ilianza Mombasa mwaka 1937. Tanzania iliunda Shirika la Bima la Taifa mwaka 1963, likahodhi biashara yote tangu 1967 mpaka sheria ya 1996 iliporuhusu kampuni binafsi. Kenya, kwa sheria ya UKIMWI ya mwaka 2006, iliruhusu kampuni kuweka kiwango cha kinga ambacho mwombaji halazimiki kutaja hali yake ya VVU. Kwa mwenye kisukari, mlango ulio wazi zaidi umekuwa bima ya kikundi. Mwajiri anawakatia wafanyakazi wote kwa pamoja, na hadi kikomo fulani hakuna anayepimwa, kwa kuwa wagonjwa wachache wanabebwa na wengi walio wazima. Anayetaka kinga inayozidi kikomo hicho hupelekwa kwa daktari, na anayeacha kazi kwa kawaida huiacha na bima yake palepale, akarudi kuomba peke yake akiwa na miaka zaidi na sukari ileile.