Siri ya mtungi muulize kata: Mbona riwaya zetu hazina mama mpelelezi?

Kitenzi ‘chungua’ kimezaa watoto wawili. Wa kwanza ni ‘chunguza’. Huyu tumempeleka chuo kikuu, maabara na kituo cha polisi. Tunamwita uchunguzi na kumpa bajeti. Wa pili ni ‘chungulia’. Huyu tumemwacha dirishani, nyuma ya pazia, akisutwa na majirani. Mama mmoja, tumbo moja, lakini mmoja ana cheo na mwingine ana aibu.

Hali ni hiyo kwa msamiati mzima wa kutaka kujua. Upande mmoja kuna upelelezi, ujasusi na ukachero. Upande wa pili kuna umbea, udaku na kudukiza. Sarufi yetu haina ubaguzi wa jinsia: mpelelezi ni ‘a-’, mbeya ni ‘a-’, na hakuna kiambishi kinachokuonyesha nani amevaa kanzu na nani amevaa leso. Hata hivyo, hebu jiulize, msomaji: ukisikia ‘mpelelezi’ unamwona nani? Na ukisikia ‘mbeya’ je? Naam. Sarufi haikusema, mazoea yamesema.

Nauliza haya kwa sababu kuna tawi zima la riwaya duniani lililojengwa juu ya huyo mtoto wa pili, yule wa dirishani. Ni riwaya za upelelezi za ucheshi, zisizomwaga damu mbele ya msomaji, ambamo fumbo linafumbuliwa na mwanamke asiye askari: jirani, mjane, mwuza duka, mwalimu mstaafu. Waingereza huzitaja kwa neno linalomaanisha mahali penye joto na starehe, kama kukaa jikoni chai ikichemka.

Mmoja wa waasisi wake ni Mmarekani Anna Katharine Green. Mwaka 1897 alichapisha *That Affair Next Door*, ambamo bibi mmoja wa New York, Amelia Butterworth, anaingia katika kesi ya mauaji kwa kusogeza pazia usiku na kuchungulia nyumba ya jirani. Bibi huyo hakubali kabisa kwamba ana kidomodomo, na hapo ndipo kicheko kinapoanzia. Mwaka 1930 Agatha Christie akatoa riwaya ya kwanza ya Miss Marple, ajuza mfuma sweta anayewashinda polisi kwa njia moja tu: kila mshukiwa humkumbusha mtu fulani wa kijijini kwake. Kwake yeye, ukikijua kijiji kimoja vizuri, umeijua dunia.

Mwaka uleule wa 1897, reli iliyoanzia Mombasa mwaka mmoja kabla ilikuwa ikisonga kuelekea Voi. Voi ikaingia vitabuni kwa kishindo cha wanaume. Simba wa Tsavo walioua wajenzi wa reli mwaka 1898 walimpa J. H. Patterson kitabu chake cha 1907. Ndege ya Denys Finch Hatton ilianguka mara tu ilipopaa kutoka Voi mwaka 1931, na hadi leo watu wanaiandika habari hiyo. Vita vya Kwanza vya Dunia katika mpaka wa Taveta vilimpa William Boyd riwaya ya *An Ice-Cream War* ya 1982. Bunduki, injini na simba. Mama aliyekuwa akiteka maji Mto Voi hakuulizwa aliona nini.

Waliokumbuka kwamba mwanamke anaweza kufumbua fumbo katika nchi hii walikuwa wageni. Elspeth Huxley, aliyekulia Thika, alichapisha *Murder at Government House* mwaka 1937. Gavana wa koloni ya kubuni iitwayo Chania ananyongwa ofisini mwake, na anayemsaidia afisa wa polisi ni Olivia Brandeis, mtafiti wa mila. M. M. Kaye akaandika mafumbo yake ya Kenya na Zanzibar mwishoni mwa miaka ya hamsini. Mwaka 2006 Mmarekani Suzanne Arruda akaanza mfululizo wa Jade del Cameron, aliyekuwa dereva wa ambulensi vitani kabla ya kuja Kenya ya kikoloni. Ni vitabu vya kuburudisha, sikatai. Lakini jicho linaloona ndani yake ni la mgeni. Mwenyeji aghalabu ni mpishi, mbeba mizigo au mshukiwa.

Na sisi tulioandika kwa Kiswahili je? Tulianza vizuri ajabu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58, na *Mzimu wa Watu wa Kale* ikachapishwa mwaka 1960. Bwana Msa, na kiko chake na rafiki yake Najum, si askari. Ni raia mwenye akili na udadisi, na kazi yake ni kuzungumza na watu majumbani mwao. Ucheshi umo, mtaa umo, na siri za ukoo zimo. Ukimvua Bwana Msa kiko na kumvika buibui, utapata mama mpelelezi aliye kamili.

Hatukumvua. Faraji Katalambulla alikuja na *Simu ya Kifo* mwaka 1965, na Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika *Kufa na Kupona* mwaka 1974. Baada ya uhuru, adui wa riwaya aligeuka kuwa adui wa taifa. Kwa hivyo mpelelezi naye akawa mwajiriwa wa taifa, mwenye bastola na tiketi ya ndege. Mwanamke akapewa nafasi ya chambo au pumziko la shujaa. Katika kazi za Ben Mtobwa, Nuru ana akili na ujasiri wa kutosha, lakini jina linalouza kitabu ni la Joram Kiango. Upelelezi ukahama sebuleni ukaenda uwanja wa ndege, na mama akabaki sebuleni na umbea wake.

Jirani yetu wa kusini ndiye aliyeonyesha kilichopotea. Mwaka 1998 Alexander McCall Smith, mzaliwa wa Bulawayo, alimtoa Mma Ramotswe wa Botswana, anayeuza ng’ombe alioachiwa na babake ili afungue ofisi ya upelelezi. Hana mafunzo ya polisi. Ana gari dogo, chai, na katibu asiyeacha kuwakumbusha watu kwamba alipata asilimia 97 chuoni. Kesi zenyewe ni za waume watoro na watoto waliopotea. Dunia nzima ilinunua. Mimi nilipokisoma nilijiambia: wacha! Hiki si Gaborone peke yake. Hiki ni Mwatate, hiki ni Wundanyi.

Nasema hivyo kwa sababu Taita ina historia yake ya kufumbua mafumbo, na imeandikwa. Mwanaanthropolojia Grace Harris aliishi na Wadawida mwanzoni mwa miaka ya hamsini, na mwaka 1978 kitabu chake *Casting Out Anger* kikatoka. Alieleza imani kwamba ugonjwa au mkosi ungeweza kusababishwa na hasira iliyofichwa moyoni: ya mzazi, ya ndugu, ya mzee aliyekwisha kufa. Familia ilikwenda kwa mwaguzi kutafuta hasira hiyo ni ya nani na ilitokana na nini. Ikishapatikana, mwenye hasira alifanya kutasa: alipuliza pombe au maji kutoka kinywani huku akitamka maneno ya heri, na hasira ikatoka.

Usikimbilie kujadili uaguzi. Tazama umbo la kisa. Kuna dhara, kuna swali la nani, kuna kuchambua uhusiano wa watu wanaofahamiana, na kuna mwisho ambapo kijiji kinarudi kukaa pamoja. Hilo ndilo umbo la riwaya ninazozizungumzia. Katika riwaya za bastola fumbo huishia kwa maiti nyingine. Katika hizi za jikoni, kama katika kutasa, linaloshughulikiwa hasa ni kero iliyokaa kimya muda mrefu baina ya watu wa karibu.

Miezi michache iliyopita nilikuwa Voi nikinunua ndizi kwa mama mmoja karibu na stendi. Bwana mmoja mwenye mkoba alipita, akasalimia, akasema ndiyo kwanza ametelemka kwenye treni kutoka Nairobi na anatafuta ploti ya kununua. Alipoondoka, mama hakuinua hata kichwa.

“Huyo hakuja na treni, baba,” akaniambia. “Viatu vina tope bichi. Hapa Voi hakujanyesha tangu mwezi jana. Mvua iko Wundanyi. Ametoka huko juu, sasa mbona aseme Nairobi?”

“Mama,” nikamwambia, “kumbe wewe ni mpelelezi!”

Alicheka mpaka ndizi zikatikisika. “Mpelelezi ni wa serikali. Sisi ni wambeya tu.”

Jibu hilo limenikaa. Mama alikuwa ameona ushahidi, akaulinganisha na hali ya hewa, akabaini uongo, kisha akajinyima jina la kazi aliyoifanya. Hakuna aliyemkataza. Lugha ndiyo iliyomtangulia.

Najua kuna atakayenijibu kwamba umbea umevunja ndoa na kuua biashara. Ni kweli, na sitetei umbea. Tofauti ipo, ila haiko kwenye jinsia ya mtu wala kwenye sare yake. Mbeya husikia akasambaza. Mpelelezi husikia, akarudi kuuliza, akapima, na akawa tayari kugundua kwamba aliyemshuku hana hatia. Miss Marple na mbeya wa mtaa wanaanzia dirisha moja. Njia zao zinatengana pale mmoja anapokubali kupima alichosikia.

Na wenye sare wanaweza kuwa wambeya kuliko mama yeyote wa sokoni. Muulize Mkasighau. Vita vya Kwanza vilipofika Taita, Waingereza walishuku kwamba watu wa Kasighau waliwasaidia Wajerumani waliovuka mpaka. Mwaka 1915 jamii ile ilihamishwa kwa nguvu hadi Malindi, wazee kwa watoto, na wengi wakafia huko. Ikapita miaka mingi kabla ya waliosalia kurudishwa chini ya mlima wao. Hakuna aliyekaa na akina mama wa Kasighau, mmoja baada ya mwingine, awaulize nani alionekana wapi na saa ngapi. Tetesi zilitosha kuihukumu jamii nzima. Huo ulikuwa umbea uliovaa magwanda.

Kwa hivyo sioni riwaya ya mama mpelelezi kuwa mchezo wa kupitisha wakati tu, ijapokuwa lazima ichekeshe, la sivyo haitasomwa. Ni shule ya kutofautisha tetesi na ushahidi, tena inayofundisha kwa kicheko. Na malighafi imejaa Taita Taveta. Kuna njia panda ya Voi, ambapo barabara ya Mombasa na Nairobi inakutana na ile ya Taveta. Kuna ndovu wanaoingia mashambani, na swali la nani aliacha ua wazi. Kuna vito vya kijani vilivyopewa jina la Tsavo mwaka 1974, na wanunuzi wasiotaka kuulizwa maswali. Kuna chama cha akina mama ambacho daftari lake limepotea siku moja kabla ya mgao. Kuna Kidawida, Kisaghala na Kitaveta, lugha ambazo mtu anaweza kudhani hazieleweki na aliyeketi nyuma yake kwenye matatu. Msingizio mmoja tu, na mama wa ndizi ana kesi.

Jina la utanzu huu nalo tunalo tayari. Wahenga walisema siri ya mtungi muulize kata. Hawakusema muulize askari, wala muulize mwenye mtungi. Walikitaja chombo cha jikoni kinachoingia ndani kila siku bila mtu kukitilia maanani, kikatoka kinajua kilichomo. Napendekeza tuziite riwaya za kata. Na bahati iliyoje, kwamba hapa Kenya kata ni pia eneo la chifu: padogo kiasi cha watu kujuana, pakubwa kiasi cha kufichana. Wa kuziandika watafute mtungi. Kata ziko tele sokoni Voi, na zinajua mengi.