Kapla Imevunjika Kwa Osiloskopu Mzee? Usiitupe, Buda

Unazungusha kinobu, kinaenda tu kama pedali ya baiskeli imetoka cheni, lakini laini kwa skrini haisongi. Relax, mashine haijadedi. Kilichoisha ni kapla: kiplastiki kinachoshika shafti ya kinobu na ile ya potenshiometa huko ndani. Osiloskopu za Tektronix na Hewlett-Packard za miaka ya 60 na 70 zilikuwa nazo, na plastiki ikizeeka hupasuka.

Chomoa waya kwa soketi kwanza, uiache ikae. Kapasita hubaki na moto hata stima ikizimwa.

Halafu pima shafti na venia. Zingine ni robo inchi, yaani milimita 6.35. Usipige supaglu: haishiki plastiki kama hiyo vizuri, na ikimwagikia shafti, kinobu kinakwama.

Uko Naro Moru na hakuna duka la spea? Kata kipande cha paipu ya petroli ya boda, kivae shafti zote mbili kikibana. Kwa kinobu laini kinashikilia. Kwa swichi nzito, panda mat hadi Nanyuki ama Nyeri, fundi wa lethi akuchongee ya shaba yenye skrubu.

Lakini shika hii: kwa mashine zingine, potenshiometa ya mwangaza ama fokasi hukaa kwa volti zaidi ya 1,000. Hapo plastiki ndiyo inakulinda. Ukiweka shaba, moto unakuja hadi kwa kinobu, na kwa mkono wako. Hapo ni nailoni tu.