Efendi, Jemadari na Jedwali la Vyeo

Brigedia wa Kenya na Brigedia Jenerali wa Tanzania hawana utata. Majina yametofautiana kidogo, lakini wote wawili wamesimama kati ya kanali na meja jenerali, na wakikutana kila mmoja anajua anamzidi nani. Majedwali ya kulinganisha vyeo yanawafaa watu kama hawa.

Efendi hayamfai. Leo neno hilo limebaki kwetu kama "afande", heshima anayopewa sajenti sawasawa na kanali, ila zamani kilikuwa cheo kamili. Afisa Mjerumani Wissmann alipokuja mwaka 1889 kupigana na Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, alileta Wasudani walioandikishwa Cairo, nao wakaja na vyeo vya jeshi la Misri vyenye asili ya Kituruki. Wajerumani wakaviacha vilivyo. Ombasha, yaani mkuu wa watu kumi, alikuwa koplo. Shaushi alikuwa sajenti. Jeshi la Uturuki linayatumia majina hayo mpaka sasa, na kwa vyeo hivyohivyo.

Juu yao alikaa efendi, afisa Mwafrika. Jedwali litamweka karibu na luteni, na hapo ndipo linapomdhulumu msomaji. Luteni humwamuru sajenti yeyote. Efendi hakuwa na amri juu ya Mjerumani hata mmoja, awe afisa au asiwe. Waingereza nao, katika miaka ya 1950, waliwapa askari wa Keya, jeshi lao la Waafrika huku Afrika Mashariki, cheo chenye jina hilohilo, wakakiweka juu ya sajinimeja na chini ya luteni mgeni. Mpango huo walikuwa wameuzoea India.

India ndiko alikokuwa jemadari. Katika jeshi la Waingereza alikuwa wa chini kabisa kati ya maafisa wazalendo. Mwaka 1965 India huru ikalibadili jina lake kuwa naib subedar. Pwani yetu neno jemadari lilipanda. Masultani wa Zanzibar waliweka askari wa Kibaluchi, na jemadari ndiye aliyewaongoza na kushika ngome. Watu walimwona mwenye ngome, wakampa neno ukubwa wa ngome. Ndiyo maana Naamani wa Biblia ya Kiswahili ni jemadari, na Mrumi wa askari mia ni akida tu.

Kwa hiyo msomaji wetu akisikia jemadari humwona Naamani na magari yake ya farasi. Mkongwe wa jeshi lile la India angemkumbuka mzee wa mvi, akimpigia saluti kijana aliyeshuka melini juzi.