Ampli ya home sinema: mambo ya kuangalia kabla ya kununua mpya

"Picha iko, sauti hakuna." Fundi yeyote wa televizyo huku kwetu, awe Bunia, Butembo ao Uvira, ameisha kusikia neno hili. Mtu amenunua televizyo mpya, ameleta flashi yenye filamu, anawasha: watu wanapigana kwenye kioo lakini hakuna hata neno moja. Ao sauti inatoka, muziki unapiga kwa nguvu, lakini maneno ya waigizaji yanasikika kama wako ndani ya shimo. Basi jirani anamwambia: "Ampli yako imezeeka, ununue ya Atmos." Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi ampli haina kosa, na dola za familia zinaenda bure.

Ili kujua ni wapi tatizo liko, inafaa kuelewa kwanza kwamba sauti ya filamu inafungwa kama mzigo ndani ya gunia, na kila aina ya gunia inahitaji mashine inayojua kulifungua. Dolby Digital ilianza kusikika kwenye kumbi za sinema mwaka 1992. DTS ikafuata mwaka 1993 na filamu ya Jurassic Park. Hizo mbili ziliingia kwenye DVD, na karibu ampli zote za home sinema zilizouzwa miaka ya 2000 zinazifungua. Zinatoa ile tunaita 5.1: bafle tatu mbele, mbili pembeni ao nyuma ya watu, na wufa moja ya besi. Hiyo .1 njo wufa.

Blu-ray ilipokuja, zikaongezeka Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio, ambazo hazipunguzi kitu katika sauti iliyorekodiwa. Halafu Dolby Atmos: kumbi za sinema mwaka 2012, majumbani mwaka 2014. DTS:X ilifuata mwaka 2015. Upya wa hizi mbili ni kwamba mtengenezaji wa filamu anaweza kuweka sauti mahali fulani hewani, hata juu ya kichwa, na ampli yenyewe inapiga hesabu ya kuipeleka kwenye bafle ulizo nazo. Ukiona imeandikwa 5.1.2, ile 2 ya mwisho ni bafle za juu.

Sasa, kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi sana. Gunia jipya linabeba la zamani ndani yake. Diski ya Blu-ray yenye Atmos ya TrueHD inabeba pia Dolby Digital ya kawaida, na DTS-HD Master Audio iko na DTS ya zamani katikati yake. Ampli ya zamani inachukua ile inayoijua na kupiga 5.1 bila shida. Unachokosa ni mvua inayonyesha juu ya kichwa. Kwenye filamu iliyokopiwa ku flashi, mara nyingine ile sauti ya kawaida imeondolewa ili faili iwe ndogo. Hapo ampli ya zamani inaweza kunyamaza kweli.

Lakini mara nyingi anayenyamaza ni televizyo. Samsung, kwa mfano, iliacha kufungua DTS kwenye televizyo zake tangu mwaka 2018. Ukichomeka flashi yenye filamu ya DTS ku televizyo kama hiyo, utaona picha tu, na ampli iliyofungwa nyuma yake haitapokea kitu. Kununua ampli ya Atmos hakutaponya ugonjwa huo. Dawa ni kutumia mashine nyingine inayosoma flashi na kupeleka DTS moja kwa moja ku ampli, ao kumuomba kijana anayekukopia filamu akupe ile yenye sauti nyingine. Jina la faili lenyewe linasema: AAC 2.0 ni kanali mbili tu, kushoto na kuume. AC3 ao DD5.1 ni Dolby Digital ya kawaida, DDP5.1 ao EAC3 ni Dolby Digital Plus. DTS ni DTS.

Na tujiulize ukweli: tunaangalia nini nyumbani? Filamu ambazo mtafsiri anaeleza kwa Kiswahili juu ya sauti ya waigizaji mara nyingi ziko na kanali mbili tu. Video nyingi za muziki vilevile. Ampli ya bei kubwa itazisambaza ku bafle zote, lakini haitazifanya ziwe Atmos. Kama hizo njo chakula cha kila siku saloni kwako, fedha itafanya kazi zaidi ukinunua bafle mbili nzuri za mbele.

Kwa wale wenye Blu-ray ao wanaoangalia filamu kwa intaneti, waya unahesabika sana. Waya wa optiki, ule unaotoa mwanga mwekundu, unapitisha Dolby Digital na DTS za zamani, basi. TrueHD na DTS-HD hazipiti hapo. Hizo zinahitaji HDMI, na ni HDMI 1.3 ya mwaka 2006 iliyofungua njia hiyo. Ukitaka televizyo irudishe sauti ku ampli kwa HDMI ileile, tafuta tundu lililoandikwa ARC, kisha uwashe CEC ku menyu. Samsung wanaiita Anynet+, LG wanaiita Simplink. ARC ya kawaida inaweza kupitisha Atmos ya filamu za intaneti, juu inasafiri ndani ya Dolby Digital Plus, mradi televizyo na ampli zote mbili zinaikubali. Atmos ya diski, ile ya TrueHD, inahitaji eARC, ao mashine ya diski ifungwe moja kwa moja ku ampli.

Turudi kwa maneno yasiyosikika. Katika 5.1, maongezi karibu yote yanatoka bafle ya katikati. Kama bafle hiyo haipo, ao waya wake umekatika, na ampli bado inaamini kwamba ipo, inaendelea kuitumia sauti ambayo hakuna mtu atakayeisikia. Ingia ku menyu ya bafle, kwenye "Center" weka "None". Maneno yatagawanywa ku bafle za kushoto na kuume. Kazi ya dakika mbili, na hailipishwi hata franga moja.

Ukiona bado unahitaji ampli mpya, ao ya okazioni, geuza nyuma yake usome kibandiko kabla ya kulipa. Umeme wetu ni 220 V. Ampli iliyoandikwa 120 V 60 Hz ilitengenezwa kwa soko la Marekani, na ya 100 V kwa Japani. Kubadilisha fishi hakubadilishi umeme: ukiichomeka moja kwa moja, inaungua. Itahitaji transfoma yenye wati za kuitosha, hiyo nayo ni bei.

Angalia pia bafle ulizo nazo. Zile zilizokuja ndani ya karto moja na home sinema ya zamani mara nyingi ni za omu 3 ao 4, na fishi zake ni za kipekee. Ampli nyingi zinazouzwa peke yake zinataka omu 6 hadi 8; ukizilazimisha na kupandisha sauti, zinapata joto na kujizima. Wufa ya karto hiyo nayo kwa kawaida haina nguvu yake yenyewe, wakati ampli nyingi za kisasa zinataka wufa inayochomekwa ku priza. Na bafle za Atmos zinazopiga sauti kuelekea juu zinahitaji plafo ngumu na tambarare ili sauti irudi chini. Nyumba ya mabati bila plafo haitarudisha kitu cha maana. Hapo heri kutundika bafle zenyewe juu, ao kubaki na 5.1.

Umeme ukikatika, chomoa ampli na usiirudishe mpaka umeme utulie. Na siku ya kununua, nenda dukani na flashi yako mwenyewe yenye filamu tatu: moja ya AC3, moja ya DTS, moja ya Atmos. Muombe muuzaji azipige zote, na uangalie kioo kidogo cha ampli kinaandika jina gani.