Akiba ya petroli kwenye pikipiki ni onyo, si ziada

WAHENGA walinena kuwa akiba haiozi. Methali hiyo ina uzito wa kipekee kwa mhudumu wa bodaboda, kwani ndani ya tangi la pikipiki yake mna akiba inayoweza kuamua iwapo mgonjwa atafika hospitalini usiku au atakwama njiani.

Hata hivyo, si wahudumu wote wanaofahamu akiba hiyo hukaa wapi, ni kiasi gani, na inaweza kuwafikisha umbali upi.

Pikipiki nyingi zinazobeba abiria nchini zina tangi la kati ya lita 10 na 13. Kiasi kinachoandikwa katika kijitabu cha mtengenezaji huwa kimejumuisha akiba. Kwa hivyo, tangi la lita 11 lenye akiba ya lita mbili lina lita tisa tu za safari ya kawaida.

Inavyofanya kazi

Akiba haina tangi lake la pekee. Chini ya tangi la pikipiki yenye kabureta kuna swichi ndogo ya petroli yenye nafasi tatu: ya kufungua, ya kufunga na ya akiba, ambayo aghalabu huwa na alama ya 'RES'.

Juu ya swichi hiyo, ndani ya tangi, husimama mrija mfupi. Swichi ikiwa katika nafasi ya kawaida, petroli huingilia kwenye ncha ya juu ya mrija huo. Petroli ikipungua na kushuka chini ya ncha, injini huanza kukohoa na hatimaye huzima, ilhali tangini mngali na lita moja au mbili. Mwendeshaji akigeuza swichi hadi kwenye akiba, tundu lililo chini kabisa hufunguka na safari huendelea.

Kukohoa huko ndilo onyo lenyewe: tafuta kituo cha mafuta sasa.

Mazoea ya hatari

Wapo wahudumu wanaonunua petroli ya Sh100 au Sh200 kila mara, kulingana na mapato ya siku. Kiasi hicho kidogo mara nyingi hakifikii ncha ya mrija, hivyo swichi huachwa kwenye akiba kuanzia Januari hadi Desemba. Pikipiki ya namna hiyo haina akiba tena. Injini ikizima, hakuna pa kugeuzia.

Isitoshe, maji ni mazito kuliko petroli, nayo hutulia chini ya tangi pamoja na kutu na mchanga. Akiba huvutwa kutoka papo hapo, na takataka hizo zinaweza kuziba kabureta.

Jinsi ya kupima

Jaza tangi, kisha andika kilomita zinazoonyeshwa na mita. Fanya kazi kwa siku mbili au tatu, jaza tena hadi kiwango kile kile, kisha gawanya kilomita ulizosafiri kwa lita ulizoongeza. Ukitumia lita tano kwa kilomita 200, kila lita imekupeleka kilomita 40. Basi lita tisa zitakufikisha kilomita 360, na akiba ya lita mbili kilomita 80.

Lakini mzigo, milima, matope na upepo hupunguza umbali huo. Lita moja ikishuka hadi kilomita 30, lita tisa hazitapita kilomita 270. Kutoka Isiolo hadi Marsabit ni takriban kilomita 260. Anayesafiri huko akiwa na mzigo atafika akikaribia kugusa akiba, tena iwapo tu alijaza tangi Isiolo.

Ili kujua kiasi cha akiba yako, subiri injini ikohoe ukiwa karibu na kituo, geuza swichi, ingia na ujaze. Toa lita ulizowekewa kutoka kwa ujazo wote wa tangi. Kinachosalia ndicho akiba.

Mambo ya kuzingatia

Rudisha swichi katika nafasi ya kawaida mara tu unapojaza. Anayesahau hufanya hivyo kwa hasara yake, kwani atamaliza petroli yote bila kuonywa.

Injini ikizima ilhali tangi lina petroli, fungua kifuniko. Tundu la hewa la kifuniko likiziba, petroli haiteremki.

Pikipiki za kisasa zisizo na kabureta hazina swichi hii, bali taa au mshale wa kuonya. Katika nyingi ya hizo, pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na petroli yenyewe, na kuzoea kuendesha tangi likiwa karibu tupu huweza kuiharibu.

Anayepanga safari ahesabu lita za kawaida pekee. Akiba na ibaki ya dharura.